Fedha za Kigeni na Msafiri: Yanayopasa Kujulikana Kabla ya Kuondoka Nchini

(Haya ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanaosafiri kwenda nchi za nje kikazi, kwa matibabu, kwa ibada ya Hija na kwa biashara.)



Kila mwaka watu wengi wa visiwa hivi huondoka kwenda nchi za nje. Wapo mahujaji wanaokwenda Makka na Madina. Wapo wagonjwa wanaopelekwa India pamoja na jamaa wa kuwaangalia. Wapo wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Dubai na Guangzhou. Wapo wanaokwenda kuwazuru ndugu zao Oman, Komoro na Uingereza. Na wapo watumishi wa Serikali wanaotumwa kwenye mikutano na mafunzo. Safari zao hazifanani, lakini wote hukutana na jambo moja: shilingi waliyoichuma kwa taabu haitawafaa huko waendako mpaka kwanza igeuzwe kuwa fedha ya nchi nyengine.

Msafiri aghalabu hushughulika mno na pasi, viza, tiketi na chanjo, na suala la fedha hulibakisha kuwa la mwisho. Hulikabili siku ya kuondoka, mizigo imo garini na moyo umo njiani. Hapo ndipo anapokubali bei yoyote anayotajiwa na kupokea noti yoyote anayopewa.

Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba hasara nyingi zinazompata msafiri hazitokani na kupanda kwa dola wala kushuka kwa shilingi, kwani hayo hayamo katika uwezo wake. Zinatokana na mambo manne yaliyomo katika uwezo wake: kubadilisha fedha mara nyingi kuliko inavyohitajika, kubadilisha mahali pasipostahili, kuchukua noti zisizopokelewa, na kutoweka kumbukumbu.

Kutoka riale hadi shilingi

Watu wa visiwa hivi si wageni wa fedha za kigeni. Katika karne ya 19 fedha kubwa ya biashara ya Zanzibar ilikuwa ni riale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kufuliwa ikiwa na mwaka 1780 ijapokuwa malkia mwenyewe alikwisha kufariki zamani. Mwaka 1882 Seyyid Barghash alitoa sarafu za kwake. Rupia ya India nayo ilitumika sana, na mwaka 1908 Zanzibar ikatoa noti zake za rupia. Tarehe 1 Januari 1936 rupia hiyo iliondoshwa na mahali pake pakachukuliwa na shilingi ya Afrika Mashariki, kwa kiwango cha shilingi moja na senti hamsini kwa kila rupia. Shilingi ya Tanzania ilianza kutolewa tarehe 14 Juni 1966, siku ambayo Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, fedha za kigeni zilipatikana kwa kibali. Mwananchi aliyetaka kusafiri alilazimika kuomba, kusubiri, na mara nyengine kukosa. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ilibadilisha hali hiyo. Maduka ya kubadilishia fedha za kigeni yaliruhusiwa kufunguliwa, na thamani ya shilingi ikaanza kuamuliwa na soko.

Yafaa ieleweke kwamba mabadiliko hayo yaliuondoa mzigo mmoja na kuleta mwengine. Zamani tatizo la msafiri lilikuwa ni kupata fedha za kigeni. Sasa ni kuchagua. Zamani bei ilikuwa moja, na aliyeipanga alikuwa Serikali. Sasa kila benki na kila duka lina bei yake, na anayepaswa kulinganisha ni msafiri mwenyewe.

Bei mbili katika ubao mmoja

Ubao wa duka la kubadilishia fedha huonyesha safu mbili za tarakimu. Safu moja ni bei ya kununulia, nayo ndiyo ambayo duka humpa mtu anayeleta fedha za kigeni. Safu ya pili ni bei ya kuuzia, nayo ndiyo ambayo duka humtoza mtu anayezitaka. Bei ya kuuzia daima huwa kubwa zaidi, na tofauti iliyopo baina ya bei hizo mbili ndiyo chumo la duka. Kwa hivyo duka lenye tangazo la kwamba halitozi ada halikosi faida; faida yake imo ndani ya bei.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba duka linauza dola moja ya Marekani kwa shilingi 2,550 na kuinunua kwa shilingi 2,450. Msafiri mwenye shilingi 2,550,000 atapata dola 1,000. Ikiwa safari yake itavunjika siku ya pili na akazirejesha dola hizo katika duka lile lile, atapewa shilingi 2,450,000. Shilingi laki moja imekwenda, na hali soko halikutikisika hata kidogo na hakuna aliyemdhulumu. Hiyo ni gharama ya kuvuka daraja na kurudi.

Sasa ichukuliwe kwamba hakurudi, bali alikwenda Saudia na dola zake 1,000. Riale ya Saudia imefungamanishwa na dola tangu mwaka 1986 kwa kiwango cha riale 3.75 kwa dola moja, hivyo dola 1,000 ni sawa na riale 3,750. Dirisha la uwanja wa ndege likimpa riale 3.65 kwa dola, atapokea riale 3,650. Riale mia moja zilizopungua ni sawa na takriban shilingi 68,000 kwa bei ile aliyonunulia dola. Hili ni daraja la pili, nalo pia limetozwa.

Kanuni inayotokana na hesabu hii ni nyepesi: kila kubadilisha ni kulipa. Msafiri atafute njia yenye madaraja machache, na kila daraja alivuke mara moja tu.

Fedha ipi ichukuliwe

Watu wengi hudhani kwamba dola ya Marekani ndiyo jawabu la kila safari. Katika nchi nyingi ni kweli kwamba dola hupokelewa kwa urahisi, lakini si kila mahali ndiyo njia fupi. Faranga ya Komoro imefungamanishwa na euro, na kila euro moja ni sawa na faranga 491.97. Anayekwenda Ngazija na dola ataikuta bei ya dola yake ikipanda na kushuka. Anayekwenda na euro anajua tangu nyumbani atapata nini. Anayekwenda Uingereza, kama paundi zinapatikana hapa kwa bei ya wastani, hana haja ya kununua dola kwanza.

Hata hivyo, fedha zisizotafutwa sana hapa nchini huwa na tofauti kubwa baina ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Kwa hiyo msafiri apige hesabu mbili kabla ya kuamua: ya kwanza, shilingi kuwa dola na dola kuwa fedha ya huko, ya pili, shilingi kuwa fedha ya huko moja kwa moja. Achague inayompa zaidi. Hesabu hiyo huchukua dakika tano, na karatasi na kalamu zinatosha.

Kwa wanaokwenda nchi za Ghuba, hesabu ni nyepesi zaidi, kwa sababu fedha za nyingi ya nchi hizo zina viwango maalumu mbele ya dola. Dola 100 ni sawa na riale 375 za Saudia, dirhamu 367 na fils 25 za Falme za Kiarabu, na riale 38 na baisa 450 za Oman. Msafiri akiziandika tarakimu hizi katika daftari lake, ataweza kusimama mbele ya dirisha lolote na kujua papo hapo anakatwa kiasi gani.

Majina yanayofanana, thamani zisizofanana

Katika tarakimu hizo limo jambo la kuzingatiwa. Fedha ya Saudia huitwa riale na fedha ya Oman huitwa riale, lakini riale moja ya Oman ina thamani ya karibu riale kumi za Saudia. Mtu aliyezoea bei za Makka akifika Maskati na kuambiwa kwamba kitu ni riale tano, akadhani ni rahisi, atakuwa ametoa dola kumi na tatu. Zaidi ya hayo, riale ya Oman hugawanywa katika baisa elfu moja, wala si mia moja; kwa hivyo bei iliyoandikwa 1.500 maana yake ni riale moja na nusu, wala si riale elfu moja na mia tano.

Hali kadhalika kwa shilingi. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja hadi mwaka 1966, kila nchi ilipoanzisha ya kwake. Jina limebaki, thamani zimeachana. Shilingi ya Kenya imekuwa kubwa mara nyingi kuliko ya Tanzania, na ya Uganda imekuwa ndogo kuliko ya Tanzania. Mwenye kuvuka mpaka wa Horohoro au wa Mutukula na asijue hayo huwa amejitia mikononi mwa yule wa kwanza anayemjia na bunda la noti.

Noti zinazokataliwa na noti zinazokufa

Zamani wafanyabiashara wa nchi za Bahari ya Shamu na Ghuba walikuwa wakiikagua riale ya Maria Theresa kwa makini, na kuikataa ile ambayo lulu za pambo la malkia hazikuonekana sawasawa, ijapokuwa uzito wake wa fedha ulikuwa kamili. Tabia hiyo haikufa. Kwa mujibu wa Serikali ya Marekani, noti zote za dola zilizotolewa tangu mwaka 1861 ni halali hadi leo. Lakini mwenye duka si Serikali ya Marekani. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki na kwengineko, noti za dola za matoleo ya zamani hukataliwa au hupunguzwa bei. Noti iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu au iliyopigwa muhuri hurudishwa. Na noti ndogo ndogo, za dola moja, tano na kumi, hununuliwa kwa bei ya chini kuliko noti za dola 50 na 100.

Kwa hiyo, msafiri anaponunua dola azikague moja moja mbele ya dirisha, kabla ya kuondoka. Atake noti safi za matoleo mapya. Noti mbovu aliyoipokea bila kuitazama haitarudi kwa aliyempa. Itabaki mkononi mwake huko ugenini.

Zipo pia noti zinazokufa kwa sheria. Nchi hubadilisha fedha zake, na mwenye noti za zamani hupewa muda. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 Serikali ya India ilitangaza kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zitakoma kuwa fedha halali kuanzia usiku huo wa manane, na wageni waliokuwa nchini humo wakajikuta wana mabunda yasiyonunua hata chai. Kenya ilizifuta noti zake za zamani za shilingi 1,000 tarehe 30 Septemba 2019. Uingereza iliacha kuzipokea madukani noti za karatasi za paundi 20 na 50 baada ya tarehe 30 Septemba 2022, ingawa Benki Kuu ya nchi hiyo bado huzibadilisha. Tanzania nayo iliwapa wananchi muda kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 kurejesha benki noti za matoleo ya miaka 1985 hadi 2003.

Desturi ya kuhifadhi sandukuni fedha zilizobaki safari iliyopita, kwa kutarajia safari ijayo, inafaa kuangaliwa upya. Faranga za Ufaransa zilizosahauliwa sandukuni ziliacha kubadilishwa tarehe 17 Februari 2012, na tangu siku hiyo ni kumbukumbu tu. Kinyume chake, maki za Ujerumani bado hupokelewa na Benki Kuu ya nchi hiyo bila ya kikomo cha muda. Mwenye kukuta noti za kale katika mali ya marehemu asizitupe wala asizitegemee. Aulize benki kwanza.

Kutamka mpakani si kutozwa

Jambo linalowatia wananchi hofu isiyo na sababu ni tamko la fedha mpakani. Baadhi yao huzificha fedha zao katika mizigo, kwa kudhani kwamba wakizitaja watatozwa kodi au watanyang'anywa. Ukweli ni kinyume cha hayo. Sheria hazimkatazi msafiri kuchukua fedha nyingi, zinamtaka aseme. Fedha zilizotamkwa hupita. Zilizofichwa ndizo zinazozuiliwa, na mwenyewe akashitakiwa.

Nchini Tanzania, anayetoka au anayeingia akiwa na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani, au fedha nyengine za thamani hiyo, hutakiwa kuzitamka kwa forodha. Nchi za Umoja wa Ulaya hutaka tamko kuanzia euro 10,000. Marekani hulitaka kwa kiasi kinachozidi dola 10,000. Saudia nayo hulitaka kuanzia kiasi maalumu, na katika hesabu hiyo humo pia dhahabu na vito, jambo ambalo mahujaji wa kike wenye mapambo mengi wanapaswa kulijua.

India ina kiwango cha chini zaidi. Anayeingia nchini humo na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, au jumla ya noti na hati nyengine za fedha inayozidi dola 10,000, hujaza fomu ya tamko uwanjani. Fomu hiyo inamfaa msafiri mwenyewe, kwani ndiyo ushahidi wake atakapotaka kutoka na kiasi kilichobaki.

Mgonjwa na fedha zake

Hapa panahitaji kutuliwa kidogo, kwa sababu katika safari zote hizo hakuna inayoumiza kwa kosa dogo kama ya mgonjwa. Mfanyabiashara aliyepata hasara katika kubadilisha fedha hupunguza bidhaa. Mgonjwa hana cha kupunguza.

Ichukuliwe familia ya Pemba iliyouza shamba la mikarafuu na kukusanya dola 4,000 za kumtibu mzazi wao India. Fedha hizo zikipungua kwa sehemu tatu katika mia kwa sababu ya kubadilishwa ovyo, zimepungua dola 120. Kwa hospitali hicho ni kiasi kidogo. Kwa kijana anayemwangalia mzazi wake ni siku nyingi za chakula na malazi, na huenda ndizo zile siku za mwisho ambazo daktari amesema mgonjwa asisafiri.

Kwa hivyo familia zizingatie mambo haya. Kwanza, malipo makubwa ya hospitali yapelekwe kwa njia ya benki, moja kwa moja kwenye hesabu ya hospitali, baada ya kuthibitisha namba ya hesabu hiyo kwa hospitali yenyewe. Fedha zinazopita benki huacha alama. Fedha za mfukoni zikipotea hazina shahidi. Pili, sheria ya India inawekea mpaka kiasi cha rupia kinachovushwa kuingia na kutoka nchini humo, kwa hivyo isiwe shabaha ya msafiri kujaza mkoba rupia tangu huku. Achukue dola na abadilishe huko kwa benki au wakala mwenye leseni, kidogo kidogo kadiri ya haja. Tatu, kila anapobadilisha adai hati ya kubadilishia fedha, kwani rupia zitakazobaki hazitageuzwa tena kuwa dola kwa urahisi bila ya hati hiyo. Nne, fedha zigawanywe: za hospitali, za kujikimu, na za dharura, na zisikae zote katika mkoba mmoja wala kwa mtu mmoja.

Kadi, mashine na swali moja la hatari

Hundi za wasafiri, zilizokuwa tegemeo la watumishi katika miaka ya 1980 na 1990, zimetoweka katika matumizi ya kawaida, na nafasi yake imechukuliwa na kadi za benki. Kadi humwepusha msafiri na kubeba fedha nyingi, lakini nayo ina bei zake. Anayetoa fedha katika mashine ya ugenini anaweza kukatwa mara tatu: na benki yake, na benki yenye mashine, na katika kiwango cha kubadilishia. Ada nyingi za namna hiyo ni za kila mara mtu anapotoa, hivyo kutoa mara moja kiasi cha wiki nzima ni nafuu kuliko kutoa kidogo kila siku.

Liko swali moja ambalo mashine za kutolea fedha na za madukani humuuliza mwenye kadi: je, anataka kulipa kwa fedha ya nchi ile, au kwa fedha ya nchi yake? Swali hili lina sura ya hisani. Msafiri huona raha kuiona shilingi au dola anayoijua, akakubali. Kwa kukubali huwa ameiruhusu mashine impangie bei yake yenyewe, ambayo kwa kawaida ni mbaya kuliko ya benki yake. Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba kuanzia Aprili 2020 mteja aonyeshwe nyongeza hiyo kabla ya kulipa, lakini nchi nyingi hazina amri ya namna hiyo. Jawabu la salama ni moja kila mahali: alipe kwa fedha ya nchi aliyomo. Dubai kwa dirhamu, London kwa paundi.

Kabla ya kuondoka, mwenye kadi aiarifu benki yake nchi anazokwenda, ili kadi isizuiwe kwa kudhaniwa kuwa imeibiwa. Nambari ya siri aihifadhi kichwani mwake, wala asiiandike nyuma ya kadi.

Bei nzuri ya njiani

Kila mji wenye wageni una watu wanaobadilisha fedha barabarani. Hapa mjini wanajulikana miongoni mwa papasi. Kwengine wana majina mengine, lakini ujanja wao ni mmoja. Humtajia mgeni bei inayoishinda ya benki, huhesabu noti mbele yake kwa haraka, humwachia azihesabu yeye, akakuta imepungua moja. Huzichukua tena ili waongeze, na katika kuzirudisha huzipunguza kutoka chini. Mara hutokea mwenzao akapiga ukelele kwamba askari wanakuja, watu wakatawanyika, na mgeni akabaki na bunda lenye noti moja kubwa juu na karatasi ndani.

Aliyetapeliwa namna hiyo hana pa kushitaki, kwa sababu muamala wenyewe haukuwa halali. Nchini Tanzania biashara ya fedha za kigeni hufanywa na benki na maduka yenye leseni ya Benki Kuu tu, na anayeuza au kununua nje ya hapo huvunja sheria. Nchi nyingi zina sheria ya namna hiyo. Bei inayozidi ya benki ni ishara ya kwamba liko jambo lililofichwa: ama hesabu ni pungufu, ama noti ni za bandia.

Daftari na stakabadhi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu unawahusu wasafiri wote, lakini watumishi wa Serikali unawahusu zaidi. Mtumishi aliyepewa masurufu ya safari amepewa fedha za umma. Atakaporejea atatakiwa afanye marejesho, na marejesho husimama juu ya stakabadhi. Mtumishi aliyelipa hoteli kwa fedha ya nchi ya ugenini, na masurufu yake yalikuwa katika dola, na vitabu vya ofisi vimo katika shilingi, ana viwango viwili vya kubadilishia vya kueleza. Asiyekuwa na stakabadhi ya kubadilishia fedha hana cha kuonyesha ila neno lake, na mkaguzi wa hesabu hakagui maneno.

Utaratibu wa kujiokoa ni huu. Mtumishi achukue bahasha moja. Kila anapobadilisha fedha, atie ndani stakabadhi iliyo na tarehe, jina la duka au benki, kiasi kilichotolewa, kiwango na kiasi kilichopokelewa. Usiku, kabla ya kulala, aandike matumizi ya siku hiyo. Asichanganye fedha zake binafsi na za ofisi katika dirisha moja na stakabadhi moja. Akifanya hivyo, marejesho yake yatakuwa kazi ya saa moja badala ya ugomvi wa miezi.

Kinachobaki safarini

Msafiri anayekaribia kurejea atazame kilichobaki mfukoni. Sarafu za chuma hazinunuliwi na maduka ya kubadilishia fedha, hivyo azitumie huko huko kwa chakula, nauli au sadaka. Noti za nchi ile azibadilishe kabla ya kupita lango la mwisho, kwani noti nyengine hazina mnunuzi nje ya kwao.

Dola au euro alizorejea nazo aziuze benki au duka lenye leseni. Kanuni zilizotangazwa mwezi Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyoainishwa. Mwananchi anayekusudia kumlipa mwenye nyumba kwa dola zilizobaki safarini anajitia matatani, na mwenye nyumba anayezidai yumo katika makosa vile vile.

Ndugu watumishi, ndugu wananchi,

Mambo yaliyoelezwa hapa yanaweza kukusanywa katika maneno machache. Anayesafiri apange fedha zake wiki moja kabla, si saa moja kabla. Abadilishe mara chache. Alinganishe bei za maduka mawili au matatu yenye leseni. Akague kila noti. Atamke anachotakiwa kutamka. Alipe kwa fedha ya nchi aliyomo. Ahifadhi kila stakabadhi. Na atenge kando kiasi cha dharura ambacho hatakigusa ila kwa dharura ya kweli.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji elimu ya uchumi. Yanahitaji utulivu wa mtu anayejua kwamba huko aendako hana jirani wa kumkopa, na kwamba kila shilingi aliyoiokoa hapa ni siku moja ya usalama kule.